Marubani hawatoshi, na marubani hawana kazi

Tulikuwa tumetoka kwenye hitima, Wete. Mama mmoja, jirani yetu wa zamani, akanishika mkono akanivuta pembeni. Mwanawe amesomea urubani Afrika Kusini. Familia iliuza kipande cha shamba la mikarafuu, mjomba aliyeko Maskati akajazia, na kijana akarudi na leseni yake. Huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. "Mwanangu, wewe si unaandika andika mambo," akaniambia. "Kila nikifungua redio nasikia marubani hawatoshi, dunia nzima wanatafutwa. Huyu wangu mbona hawamtaki?"

Nikamwahidi nitamtafutia jibu. Nimelitafuta kwa kuwauliza wanaorusha ndege zetu za Unguja na Pemba, na kwa kusoma yaliyotokea Marekani, maana wenzetu kule wamepitia jambo hili hadharani, mishahara ikijulikana na sheria zikijadiliwa bungeni. Nililolikuta ni kwamba redio inasema kweli na mama naye anasema kweli. Marubani hawatoshi, na marubani hawana kazi, kwa wakati mmoja. Tunachanganyikiwa kwa sababu neno "rubani" tunawaitia watu wawili walio mbali sana.

Wa kwanza ni mwenye leseni ya kibiashara, ile inayomruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Viwango vya kimataifa vinavyowekwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, vinamtaka awe ameruka saa 200, au 150 ikiwa amesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Wa pili ni mwenye leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni kwenye ndege kubwa za abiria. Huyu anatakiwa awe na saa 1,500. Baina ya 200 na 1,500 pana bahari. Kijana wa Wete amesimama ufukwe wa huku. Yule ambaye redio inasema hapatikani yuko ng'ambo ya pili, na kwake kazi zinamfuata mlangoni.

Kiti cha kulia

Aliyewahi kupanda ndege ndogo Pemba anaijua hali ilivyo. Mzigo unapimwa kwenye mizani, na mara nyingine unapimwa wewe mwenyewe na mkoba wako begani. Nje imesimama Cessna Caravan: injini moja, pangaboi moja, mabawa juu, viti vya abiria kama kumi na viwili. Rubani anakuja na shati lake jeupe lenye mistari mabegani, anawapanga watu nani akae wapi kufuatana na uzito, anafunga mlango kwa mkono wake, kisha anazunguka kupanda upande wake wa kushoto. Anageuka, anaeleza mikanda na milango ya dharura, anawasha. Nusu saa baadaye, zaidi au pungufu kidogo, mnatua Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja.

Siku moja nilipewa kiti cha mbele, kulia kwake. Mbele yangu kulikuwa na usukani kama wa kwake, na kila alipousogeza wake na wangu ulisogea wenyewe, huku nimebana mikono mapajani nisiguse kitu. Tulipovuka ncha ya Nungwi, maji yakibadilika rangi chini yetu, nilikuwa naangalia mandhari kama abiria yeyote. Sikujua kwamba nimekalia kitu ambacho vijana wanakililia.

Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kile kiti cha kulia kikiwa kitupu ndege inaruka vilevile, na kampuni inaweza kumuuzia abiria. Kwa kijana mwenye saa 200 kiti kile, akikikalia kama rubani msaidizi, ni mlango wa kuingilia kazini. Kwa mwenye kampuni ni tiketi moja iliyopotea kila safari, kutwa nzima, mwaka mzima. Hapo ndipo kijana wetu amekwama, na hakukwama kwa kukosa akili wala bidii.

Tufanye hesabu ya kuvuka ile bahari. Kutoka saa 200 hadi 1,500 ni saa 1,300. Kila safari ya Unguja na Pemba tuihesabu nusu saa. Kijana anahitaji kuvuka baina ya Unguja na Pemba mara 2,600. Akivuka mara sita kwa siku, bila kuumwa, bila mvua kumzuia, ni siku 433 za kazi. Sasa ongeza jambo ambalo familia nyingi haziambiwi mapema. Kanuni za ICAO zinasema kwamba ndege ikiwa imeidhinishwa kwa rubani mmoja na nchi ikataka awepo msaidizi, yule msaidizi anahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake kuelekea leseni ya juu. Saa moja ya kiti cha kulia inakuwa dakika 30. Mara 2,600 zinageuka 5,200.

Wala leseni ya juu haitaki saa za aina moja tu. Ndani ya zile 1,500 ziwemo saa 100 za usiku, saa 75 za kuruka kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje, na saa 250 ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyeiongoza ndege, au 500 akiongoza chini ya usimamizi wa kapteni. Safari za ndege ndogo visiwani ni za mchana zaidi. Mtu anaweza kuzunguka Unguja, Pemba na Mafia miaka na miaka, akawa hodari wa kutua kwenye upepo wa kusi, na daftari lake la kuruka bado lina pengo kwenye safu ya usiku.

Juu ya sheria pia kuna bima. Kampuni inayoikatia ndege bima inayo masharti yake: kapteni awe na saa kadhaa kwa jumla, na saa kadhaa kwenye aina ileile ya ndege. Masharti hayo mara nyingi yanazidi ya serikali. Mwenye kampuni anaweza kumpenda kijana, akamjua baba yake, wakasali msikiti mmoja, lakini akimweka kiti cha kushoto kabla ya saa zilizoandikwa kwenye mkataba wa bima, ndege ikipata ajali hasara yote ni yake.

Mishahara miwili kwa mkupuo

Kwa hiyo rubani anayeanza analipwa mishahara miwili. Mmoja ni wa pesa, unaingia benki. Wa pili ni wa saa, unaingia kwenye daftari, na huo wa pili ndio unaomfanya aukubali wa kwanza hata ukiwa mdogo. Mwajiri analijua hilo vizuri. Kijana aliyeuza shamba la babu ili asome hataondoka kwa sababu ya mshahara mdogo maadamu saa zinaingia. Nimeona watu wakiwalaumu vijana hawa kwamba hawajui kujadiliana. Mimi naona wanajadiliana vizuri tu, ila bidhaa wanayoifuata haionekani kwenye karatasi ya mshahara.

Hivyo mzazi akitaka kujua kazi fulani ni nzuri asiulize mshahara peke yake. Aulize saa ngapi kwa mwezi, kwenye ndege gani, kiti gani, na miezi gani. Swali la miezi kwetu ni zito. Kampuni nyingi hulipa mshahara wa msingi kisha posho kwa saa za kuruka. Watalii wanajaa kuanzia Juni hadi Septemba, na tena kuanzia Disemba. Masika ikiingia, hoteli za Nungwi na Paje zinapunguza wafanyakazi, nyingine zinafunga, na ndege zinalala. Rubani anapoteza pesa na saa kwa mpigo mmoja, mwezi wa Aprili na Mei.

Na kwa nini ule wa pesa ni mdogo? Wengi wanajibu "uchoyo wa wenye kampuni." Hesabu ya viti inaeleza zaidi. Caravan yenye rubani mmoja ina abiria kumi na wawili wa kugawana mshahara wake. ATR 72, kama zile za Precision Air, ina viti kama 70 kwa marubani wawili, yaani 35 kwa kila mmoja. Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania ina viti takriban 180; kila rubani ana abiria 90 nyuma yake. Kampuni ya Caravan ikitaka kumlipa rubani wake sawa na wa Boeing, kila abiria wa Pemba angebeba mzigo wa zaidi ya mara saba kwenye nauli. Naye abiria wa Pemba ana boti bandarini.

Waliyoyapitia Marekani

Marekani wana kampuni wanazoziita za mikoani: SkyWest, Republic, Envoy, PSA, Endeavor na nyinginezo. Abiria ananunua tiketi ya American, Delta au United, na ndege imepakwa rangi za kampuni hiyo kubwa, lakini anayerusha ni kampuni nyingine. Ile kubwa huilipa ile ndogo ada kwa kila safari, na katika mikataba mingi mafuta pia hulipiwa na ile kubwa. Mkataba ukiisha, kampuni ndogo zinashindania kwa bei. Wakati mafuta si yako kuyapunguza na nauli si yako kuipandisha, cha kupunguza kinachobaki ni mishahara. Kwa miaka mingi rubani msaidizi alianza kwa dola 20 hivi kwa saa. Na saa zenyewe zinahesabiwa tangu ndege inapoondoka sehemu ya kupakilia hadi inaposimama. Muda wa kusubiri kiwanjani ni wake mwenyewe. Kwa saa 75 kwa mwezi, hiyo ni dola 18,000 kwa mwaka, katika nchi ambayo pango la nyumba linaweza kuzimeza zote.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air aina ya Q400, ndugu ya zile Dash 8 tunazozipanda za Air Tanzania, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ndege haikuwa na hitilafu. Ilipunguza mwendo mno, onyo likalia, na kapteni akavuta usukani badala ya kuusukuma. Uchunguzi ulipofunguliwa hadharani, wananchi walishituka kwa jambo jingine: rubani msaidizi, msichana wa miaka 24, alikuwa akilipwa kama dola 16,000 kwa mwaka. Aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, akavuka nchi nzima usiku kwa ndege za wengine ili afike kazini Newark.

Familia za waliofariki hazikunyamaza. Bunge likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa ndege za abiria akatakiwa awe na saa 1,500. Kabla ya hapo 250 zilitosha. Waliosoma shahada ya urubani kwenye vyuo vilivyokubaliwa walipunguziwa hadi 1,000, na waliotoka jeshini hadi 750. Watu bado wanabishana kuhusu sheria hii, maana marubani wote wawili wa ile ndege ya Buffalo walikuwa wamevuka saa 1,500 siku nyingi. Sitaingia kwenye ubishi huo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba sheria ilisogeza lango mbali bila mtu kujenga njia ya kulifikia. Kijana wa Kimarekani akalazimika kukaa miaka akifundisha wengine kwenye vindege vidogo, akivuta mabango ya matangazo angani, akinyunyizia mashamba dawa, ili ajaze daftari. Na baada ya yote hayo anasubiriwa na dola 20 kwa saa. Wengi walipiga hesabu wakaacha.

Mwaka 2016 Republic iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kukosa marubani. Kisha ikaja korona. Kampuni kubwa zikawalipa maelfu ya marubani wazee wastaafu mapema. Abiria waliporudi kwa kishindo mwaka 2021, zile kubwa zilihitaji marubani haraka, na pa kuwachota palikuwa mahali pamoja tu: kampuni za mikoani. Juni 2022, kampuni tatu za mikoani zinazomilikiwa na American, yaani Envoy, Piedmont na PSA, zilipandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza hadi dola 90 kwa saa. Kwa zile saa 75 kwa mwezi ni dola 81,000 kwa mwaka. Kazi ileile, ndege zilezile.

Hapo nilidhani hadithi imekwisha: kitu kikiwa haba bei inapanda, inapopanda watu wanakuja. Lakini haikwenda hivyo. Vijana walikuja kweli, wakajaza viti vya kulia, na ndege zikabaki chini. Sheria ya Marekani haimruhusu rubani msaidizi kuhamia kiti cha kushoto mpaka awe na saa 1,000 za kazi ndani ya kampuni za ndege. Kampuni kubwa ziliendelea kuchukua makapteni, na kila kapteni anayeondoka anamwacha msaidizi wake bila wa kuruka naye. Msaidizi haruki, kwa hiyo hapati saa, kwa hiyo hawi kapteni. Pesa iliweza kumleta kijana mlangoni. Haikuweza kumpa saa 1,000 kwa usiku mmoja. Na ilipofika 2024, kampuni kubwa zenyewe zikapunguza kasi ya kuajiri, Boeing ikichelewa kuwapa ndege, na kampuni ya Spirit ikasimamisha baadhi ya marubani wake. Vijana waliokimbilia fani kwa ajili ya zile dola 90 wakakuta foleni.

Waliolipa gharama ya mvutano ule si marubani peke yao. Septemba 2022 American iliacha kwenda Toledo, Ithaca, Islip na Dubuque, ikisema kampuni zake za mikoani hazina marubani wa kutosha. Mapema mwaka huohuo SkyWest ilitangaza kujiondoa kwenye miji midogo 29. Marubani wakiwa wachache, kinachokatwa kwanza ni mji ulio mwisho wa njia.

Pemba iko mwisho wa njia

Hapo ndipo Ithaca na Chake Chake zinapofanana. Kampuni inayorusha Caravan hapa inashindana kwa abiria na boti, na kwa marubani inashindana na kila aliye mkubwa kuliko yeye: kampuni za ATR, Air Tanzania yenye ndege mpya, kampuni za Ghuba ambazo ndege zake tunaziona zikitua Kisauni. Ndege moja ya njia fupi inayofanya kazi kutwa huhitaji marubani wapatao kumi wa kupokezana. Nchi ikinunua ndege tunashangilia, na ni haki yetu kushangilia. Lakini kapteni mwenye saa 4,000 hatengenezwi kiwandani pamoja na ndege. Anatolewa kwenye kiti fulani kilichokuwa kinafanya kazi jana, na kile kiti nacho kinamtafuta wa kukijaza.

Kampuni ndogo hujilinda kwa mkataba. Inamlipia kijana mafunzo ya aina ya ndege, naye anasaini kukaa miaka miwili au mitatu, akiondoka kabla arudishe gharama. Sioni ubaya wa jambo lenyewe. Aliyegharimia ana haki ya kufaidi. Lakini mkataba wa haki ni ule ambao deni linapungua kila mwezi mtu anaoufanyia kazi. Ule unaomdai gharama yote hata akiwa amebakisha mwezi mmoja ni pingu, na mzazi anayeombwa kuwa mdhamini ausome na mwanasheria kabla ya kuweka saini yake.

Nina rai moja, na nimeifikiria sana. Tunapotaka kumsaidia kijana awe rubani, sote, familia, wahisani, hata serikali, tunafikiria ada ya chuo. Makumi ya maelfu ya dola yanakwenda huko, na yanamfikisha ufukweni tu. Huko ndiko umati ulipo. Shilingi yenye faida zaidi ni ile inayokuja baadaye: kuilipa kampuni ndogo bei ya kile kiti cha kulia, safari kwa safari, ili isipoteze tiketi kwa kumchukua kijana, pamoja na kumlipia saa za usiku na za injini mbili ambazo Pemba haimpi. Wachache wakivushwa kamili ni bora kuliko wengi wakiachwa na leseni kabatini, maana saa za mtu asiyeruka zinapoa, na mitihani ya kuhuisha leseni na vipimo vya afya vinaendelea kudai pesa mwaka hadi mwaka.

Nilirudi Wete kumweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Basi hizo saa wanauza wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba zipo zinazouzwa, mtu anakodi ndege na kulipa kwa saa, na bei yake ingemaliza shamba lililobaki. Nikamwambia pia wengine wanaanza kwa kufundisha, wengine kwa kampuni za bara zinazopeleka watalii mbugani, ambako njia ni ndefu na saa zinajaa haraka kuliko kwetu.

Kijana mwenyewe nilimkuta kiwanjani. Amepata kibarua kwenye kampuni moja ndogo, anapima mizigo na kuandika majina ya abiria, akitumaini kwamba siku nafasi ikitokea watamkumbuka aliye karibu. Alinionesha daftari lake. Mstari wa mwisho unasomeka saa 212. Wiki iliyotangulia, ndege ya mwisho ilikuwa na nafasi, kapteni akamwambia apande mbele. Aliniambia upepo ulikuwa wa pembeni, kapteni akamweleza kila hatua mpaka wanatua, na mikono yake ikabaki mapajani. Kwa kuwa alikuwa abiria, daftarini hakuandika kitu.